Nyanya wa Kukodi

Mlango wa gari ulipofunguliwa, nilimwona bwana harusi akitanguliza kiatu cheusi, kisha pindo la kanzu, kisha uso. Kikapu kikanitoka mkononi. Matunda ya pasheni yakabiringika mpaka kwenye magurudumu.

"Mama Alal, una nini?" Kaltumi akaninong'oneza huku akiokota.

"Huyo ndiye Kayiira?"

"Ndiye. Simama vizuri, wenye nyumba wanatutazama."

Huyo hakuwa Kayiira. Huyo alikuwa Otema, mjukuu wangu, niliyemlea tangu ana meno mawili kwenye nyumba za polisi za Nsambya. Jana yake alinipigia simu kuniaga, eti kazi inampeleka Gulu. Sasa yuko Lubaga, mbele ya geti la watu, kanzu na koti, anatabasamu.

Alipofika kwenye mstari wetu wanawake wa gomesi, lile gauni la heshima la Kiganda, tabasamu likaganda. Tukatazamana. Nilidhani ataniita. Akainamisha kichwa, akanisalimia kama unavyomsalimia mzee uliyemkuta njiani, akapita.

Nieleze kidogo, wanangu, msije mkapotea. Kaltumi ni jirani yangu huku nilikohamia, ambako Otema hunipigia simu tu. Anakodisha gomesi na kanzu, na siku hizi anakodisha hata watu. Kijana akitaka kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana, na hana ndugu wa kupendeza, anapiga simu tu, analetewa shangazi, baba mdogo, mpaka nyanya. Mimi Kiganda nakijua, kupiga magoti bado naweza, na vigelegele vyangu vinasikika mtaa wa pili. Nimeshakuwa nyanya wa watu wengi kwa sababu ya pilau na kutembea. Bwana harusi wa siku hiyo Kaltumi hakuwahi kumwona, kila kitu alipanga kwa simu na rafiki yake, Akram. Ndivyo alivyonikodi niwe nyanya wa uongo wa mjukuu wangu wa kweli.

Nimetega vitendawili tangu utoto. Hicho kilinishinda.

Tulipoketi chini ya hema, simu yangu ikatetemeka kifuani. Nikaisoma ndani ya mkoba.

"Nyanya nisamehe. Usiniite jina langu. Goretti na baba yake hawajui. Nitakueleza. Tafadhali."

Nikamtazama. Alikuwa mkeka wa mbele, simu ameificha kwenye mkono wa kanzu, jasho linamtoka. Nikamjibu kwa kidole kimoja:

"Leo mimi ni nani yako?"

Akaisoma, akaizima simu.

Mzee Dawudi, aliyekodiwa kuwa baba mdogo, akasimama kutaja ukoo. Huyu Dawudi ni mstaafu wa reli, tunateka maji bomba moja. Akasema wao ni watu wa Mbogo, akataja babu aliyemzaa babu, na vijiji walikozikwa, bila kukwama. Makaburi ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Baba wa msichana akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa namfikiria Ojera, mwanangu, baba wa Otema, aliyelala Kitgum chini ya mawe halisi. Hakuna aliyemtaja.

Msemaji wa upande wa msichana alipenda michezo. Akatugeukia sisi wazee na kututegea: "Nalea mimi, anajenga kwingine."

"Binti," nikasema.

Watu wakapiga makofi. Akaniomba na mimi nitege changu, nami nikakitega nikimtazama Otema usoni.

"Nilipewa bure kabla sijajua kusema. Mimi sikitumii sana, wengine wanakitumia kila siku."

Wanaume wakakuna vichwa. Aliyejibu ni shangazi wa msichana, ambaye Waganda humwita senga. "Jina," akasema, na hema lote likacheka. Otema alikuwa anahesabu nyuzi za mkeka. Nilimpa mlango, hakupita.

Ndipo wakamtoa Goretti. Msichana mwembamba, macho makubwa, anatembea kama anaogopa kuamsha mtu. Akapiga magoti mbele yangu, akaninyooshea mikono miwili, na nilipoishika akaibana mikono yangu kwa furaha. Moyo ukaniuma zaidi, kwa sababu nilimpenda hapo hapo. Baba yake akasema, kabla ya pete, yule jjajja, yaani nyanya, wa vitendawili awabariki watoto.

Kwetu Acholi, mzee akimbariki mtoto humtemea mate kidogo kifuani, akitaja jina lake na la baba yake. Ule uongo wa ukoo niliweza kuunyamazia, watu wamedanganyana sana duniani. Lakini baraka sikuweza. Ukimbariki mtu asiyekuwepo, inamwangukia nani?

Nikainuka. Otema akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Nikatema mate kwenye kanzu ile nyeupe.

"Otema, mwana wa Ojera," nikasema kwa Kiacholi, kisha nikarudia kwa Kiganda ili wote wasikie. "Nyumba yako iwe na amani. Mke wako asilie kwa sababu yako."

Msemaji akashusha kipaza sauti. Mzee Dawudi akaanza kutafuta viatu vyake.

"Otema ni nani?" akauliza baba wa msichana.

"Ni huyu. Mjukuu wangu. Mimi nimeletwa hapa kwa kukodiwa, mzee, lakini huyu nimemlea."

Goretti hakunitazama. Alimtazama yeye.

"Kayiira, huyu ni nyanya yako?"

"Ndiyo," Otema akasema.

"Nyanya yako uliyeniambia amekufa?"

Nikaketi bila kuambiwa.

"Uliniambia mmemzika mwaka jana," Goretti akaendelea, sauti yake ndogo kabisa. "Nililia na wewe. Nilimsomeshea misa pale juu kwenye kanisa kuu. Mtu aliyemzika nyanya yake akiwa hai, mimi atanizika lini?"

Akaingia ndani. Baba yake hakupiga kelele, alisema tu vitu vyetu vyote virudi kwenye basi. Tukapakia vikapu vilevile tulivyoshusha. Njia nzima Kaltumi alinishika mkono. Nilikuwa nimesomewa misa, wanangu. Nilikuwa marehemu.

Otema alikuja kesho yake baada ya kanisa. Nilikuwa nabangua karanga, nikaendelea kubangua.

"Nyanya."

"Marehemu anakusikiliza."

Akakaa chini kwenye saruji na suruali yake nzuri. Akaeleza. Shuleni Kiganda chake kilikuwa safi, kila mtu akamdhani Mganda, akawaacha. Alipotafuta chumba Ntinda, kwa jina la Otema chumba kilikuwa kimeshapata mtu. Akram alipompigia mwenye nyumba yuleyule na kumtajia rafiki yake Kayiira, akaambiwa aje achukue funguo. Walicheka sana, yeye na Akram. Kisha kazini likawa Kayiira, kisha kwa Goretti. Na nyumbani kwa Goretti, ndugu wa baba yake alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani wakati wa vita vya Luweero, na waliomchukua walikuwa askari wanaosema Kiswahili, wengi wao vijana wa kwetu Acholi. Mpaka leo pale Kiswahili kinaitwa lugha ya bunduki. Otema, aliyekulia kwenye Kiswahili cha nyumba za polisi, alimwambia Goretti hajui hata salamu yake.

"Kila nilikopita walinivalisha mtu mwingine, Nyanya. Nikaona kumvua ni kazi."

"Na mimi? Ni wao walionizika?"

Karanga zikalia kwenye bakuli. Akafunika uso.

"Hapana. Hilo nilifanya mwenyewe. Aliniuliza kwa nini simpeleki kukuona."

"Basi kosa la jina mtagawana na wenye nyumba wa Ntinda. La kunizika ni lako peke yako."

Alilia kama alivyolia siku ya mazishi ya baba yake. Sikumnyamazisha. Lakini nilimpa chakula, nitafanyaje?

Jumatano simu ikaita, namba siijui.

"Nyanya, mimi Goretti. Kiswahili yangu ni kidogo. Kaltumi amenipa namba. Mimi nataka kuona wewe."

"Kiganda nakijua, mwanangu."

"Hapana. Mimi nataka kusema hii."

Akaja na boda mchana huohuo. Nikampikia malakwang, mboga yetu chachu ya karanga, pamoja na viazi vitamu. Akala akikunja uso, akaomba tena. Aliangalia picha ya Ojera ukutani, amevaa sare ya polisi, akasimama mbele yake muda mrefu. Akauliza Otema alikuwa mtoto wa namna gani. Nikamwambia alikuwa anaogopa kuku, na anaimba akioga. Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Baba anasema mimi nilikuwa naolewa na adui," akasema. "Mimi naona nilikuwa naolewa na mtu hayuko. Gani ni mbaya kushinda?"

"Unampenda?"

"Kayiira nilipenda. Otema mimi sijaona bado." Akasukuma sahani. "Mwambie aende kwa baba. Peke yake. Hakuna msemaji, hakuna kanzu ya Kaltumi."

Nikamwambia. Akaenda Jumamosi, na yaliyotokea alinisimulia kwa simu akiwa bado barabarani, anahema. Baba yake Goretti hakumkaribisha kiti. Alimwacha amesimama uani, Goretti na senga wakiwa barazani.

"Kayiira nimeshamfukuza," mzee akamwambia. "Wewe sikujui. Wewe ni nani?"

"Ni Otema, mwana wa Ojera. Baba yangu alikuwa polisi, nyumbani ni Kitgum. Nimelelewa Nsambya na nyanya yangu Alal. Yuko hai."

"Jina hilo ungelileta siku ya kwanza, ningekufungulia geti utoke."

"Nilijua, mzee. Ndiyo maana nilidanganya."

"Na leo unalileta kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua wewe utakataa. Yeye sikumuuliza."

Goretti akashuka barazani, akasimama karibu kiasi cha kuguswa, hakumgusa.

"Niulize," akasema.

"Goretti, utaolewa na Otema?"

"Nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo hata kanisani. Ila huyu uliyesema sasa hivi, huyu nitaolewa naye."

Baba yake akaingia ndani. Otema anasema alisikia mlango wa chumbani ukifungwa, akajua yamekwisha. Walibaki hapo hapo, wao wawili juani na senga barazani, hakuna anayejua aondoke nani. Kisha mzee akatoka tena, macho mekundu, ameshika picha ndogo ya yule ndugu yake. Hakumwonyesha mtu. Aliishika tu.

"Lete watu wako," akasema. "Safari hii wawe wako."

Mwezi uliofuata tulikwenda. Mimi, Otema, na baba yake mdogo Ocaya, aliyeomba ruhusa kazini akaja na viatu vyake vya polisi kwa kukosa vingine. Nilivaa gomesi yangu mwenyewe, iliyopauka kidogo mabegani. Senga akaja getini, akatutazama, kisha akachungulia barabarani kutafuta basi.

"Wengine wako nyuma?"

"Hakuna wengine, nnyabo," nikasema. "Ndio sisi."

Akatuangalia mmoja mmoja, akafika kwenye viatu vya Ocaya, akavipita. Kisha akaondoa komeo la chini, akafungua geti lote, mabawa yote mawili, kama anapitisha msafara mzima.