Pazia la Ghorofani

Msoma mita za maji ndiye aliyeikuta maiti, Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, ngazi za mbao zimekatika katikati, na chini yake amelala mwanamume wa makamo, begi lake la nguo kando. Alikuwa akitafuta chumba cha kupanga. Daktari alisema alianguka Jumatatu jioni, na akaishi saa kadhaa baada ya hapo.

Nyumba ilikuwa tupu miaka mitatu. Mkaguzi wa majengo aliapa kwamba mwezi uliopita alipigilia mlangoni tangazo la hatari kwa misumari minne. Askari hawakuona tangazo wala tundu la msumari. Mkuu wa mkaguzi akamwambia, kwa upole unaoudhi, alete tangazo hilo kabla ya Ijumaa mchana ama arudishe kitambulisho cha kazi. Mkaguzi hakuwa na mke wala mtoto, na salamu zake zote za siku alizipata kazini. Aliogopa sana.

Alianza na mrithi wa nyumba, mpwa wa mama mmoja aliyefia humo. Mpwa alijibu kwa simu, kutoka mji wa mbali, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba nyumba ibomolewe, sasa ang'oe tangazo la nini? Barua yake ilikuwa kwenye faili.

Akamgeukia dalali, ambaye namba yake ilikutwa kwenye simu ya marehemu. Dalali alitokwa jasho, akaapa kwa wazazi wake wote wawili, kisha akaonyesha ujumbe aliomtumia. Alimwelekeza nyumba ya jirani, yenye majani hadi magotini. Marehemu alikosea mlango mmoja tu, akaingia penye uwanja uliofagiwa.

Hapo mkaguzi akajiuliza nani anafagia uwanja wa nyumba isiyo na mtu.

Jumatano saa nane mchana alirudi na tochi. Kwenye vumbi la ngazi zilizobaki, nyayo ndogo za kandambili zilipita ubavuni kabisa, zimeugusa ukuta. Mwenye nyayo alijua mbao zipi zimeoza. Akaweka ngazi ya chuma nje, akapanda hadi ghorofani. Dirisha moja tu lilikuwa na pazia, safi, na maua yake yalitazama nje, barabarani. Mtu hutundika pazia ajifurahishe ndani. Huyu alitaka lionekane kutoka ng'ambo. Mwisho akapapasa mlango wa mbele, akakuta sehemu nne laini kuliko mbao. Alipokwangua kwa kucha ilitoka sabuni, imepakwa rangi ya viatu.

Ng'ambo aliishi mama mmoja mshonaji, mwenye miaka sabini na ushee. Alhamisi saa nne asubuhi mkaguzi alimkuta akichora kitambaa kwa kipande cha sabuni kikavu, kama mafundi wengi. Akaweka sabuni ya mlangoni kando ya ile.

Mama akamalizia mstari wake kwanza.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Miaka kumi na tisa, kila asubuhi mwenzangu wa pale alifungua pazia lake, nami langu. Ndiyo habari kwamba tumeamka. Mmoja akichelewa, mwenzake anavuka barabara. Siku lilipobaki limefungwa, nilivuka mimi nikamkuta."

"Ndiyo ukatundika jingine."

"Nikalifungua asubuhi, nikalifunga jioni. Halafu ukaja wewe na nyundo. Mngebomoa, mimi nitazame nini?"

 Mkaguzi akamwuliza kama Jumatatu alimsikia mgeni.

"Nilimsikia akibisha hodi. Nilifurahi. Nikajisemea, leo nyumba ya mwenzangu ina mtu. Kisha nikasikia mbao zinavunjika."

"Alikuwa hai, mama."

"Najua. Aliita."

"Na hukuvuka."

Mama akaangalia mikono yake. "Ningevuka, mngejua nani aling'oa tangazo, na nyumba ingeondoka. Nikafunga dirisha. Aliita mpaka giza likaingia."

Akafungua droo ya cherehani, akatoa tangazo lililokunjwa vizuri, lenye sahihi ya mkaguzi na tarehe. Misumari minne ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa. Mkaguzi alipata alichokitafuta, na hakufurahi hata kidogo. Walitembea pamoja hadi kituo cha polisi, polepole, kwa sababu ya magoti ya mama.

Ijumaa saa tatu asubuhi, kitambulisho chake shingoni, alipigilia tangazo upya. Alipogeuka aliona pazia la ng'ambo limefungwa. Watu walipita, kila mtu na lake, na hakuna aliyeinua macho. Mkaguzi akaweka nyundo chini, akavuka barabara, kama wale mama wawili walivyozoea pazia likichelewa, na kubisha hodi mara tatu, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mama kituoni.