Kufuli Jekundu la Mhandisi

Mhandisi wa zamu alikufa amenyoosha mkono kuelekea mlangoni. Alibakiza shubiri moja tu kuufikia.

Inspekta alichuchumaa kando ya maiti, ndani ya kibanda cha chuma kilichofunika turbini ya gesi. Mtambo ulikuwa umezimwa, lakini joto lake bado lilimpiga usoni kama pumzi ya mnyama. Turbini hiyo ndiyo iliyokiendesha kiwanda kizima cha karatasi: umeme wa mashine, joto la kukaushia karatasi. Ilikula gesi asilia, dizeli, hata gesi iliyochanganywa na hidrojeni. Mafundi waliiita Mlafi.

"Amekosa hewa," daktari wa polisi alisema. "Hana jeraha."

"Hewa ilikwenda wapi?"

Fundi mitambo, pande la mtu, alionyesha mdomo wa bomba darini. Hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Moto ukizuka humu, tunabonyeza kitufe pale nje, kaboni dioksidi inamwagika. Inazima moto, inazima na mtu. Ndiyo maana kabla ya kuingia unafunga valvu ya bomba hilo, iko pale nje, unatia kufuli lako, ufunguo unaweka mfukoni."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa marehemu. Kufuli lake jekundu lilikuwa kwenye valvu, limefungwa, halina hata mkwaruzo. Lakini mitungi ya kaboni dioksidi ilikuwa mitupu.

Inspekta alipiga hesabu. Gesi haipiti kwenye valvu iliyofungwa. Basi kufuli lilitiwa baada ya mtu kufa. Na kufuli likiwa wazi, unalibana tu kwa mkono. Ufunguo wa nini?

"Unaweza kumpa mwenzako akufungie?"

"Afande! Kufuli ni roho yako. Hata mke wangu simpi."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua, na ananuna." Alicheka peke yake.

Zamu ile walikuwepo wengine wawili: fundi umeme, na mwanamke aliyekaa chumba cha kuongozea mtambo. Kiwanda kizima kilimwita Shemeji, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mdogo wa huyo mhandisi.

Kesho yake mitungi mipya iliunganishwa. Inspekta aliwaita watatu hao mlangoni, akatoa kufuli lililo wazi.

"Naingia. Nani ananifungia?"

Fundi umeme alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Fundi mitambo alificha mikono mgongoni. Shemeji alinyoosha wake, akalipokea, kama aliyezoea.

Inspekta aliingia. Aliutazama mdomo wa bomba juu ya kichwa chake, akasubiri kusikia kufuli likibana. Kimya.

"Shemeji, mbona sisikii kufuli?"

"Hata yeye aliuliza hivyo hivyo."

Inspekta alitoka mbio, nusura ajikwae. Shemeji alikuwa amesimama palepale, kufuli li wazi kiganjani.

"Usiogope, afande. Wewe sina ugomvi nawe."

"Ulikuwa na ugomvi gani naye?"

"Mwaka jana alimwamuru mume wangu abadili mafuta, kutoka gesi kwenda dizeli, mtambo umebeba mzigo wote, mabomba hayajasafishwa. Mume wangu alikataa. Nilisikia kwenye redio ya mawasiliano. Akaambiwa, 'Fanya, mdogo wangu, kaka yako nipo.' Moto ukamrudia, ukamuua. Msibani huyo kaka alisimama, akasema marehemu alikuwa mzembe."

"Ungekuja polisi."

"Nilikuja. Mkanipa pole."

"Na jana?"

"Jana alitaka tuingize hidrojeni vilevile, bila kusafisha. Nikamwambia, shemeji, mabomba. Akacheka. Akaona dizeli inavuja humo ndani, akanitupia kufuli lake: 'Nifungie, nina haraka.' Kila siku nilikuwa namfungia. Safari hii nikabonyeza kitufe kwanza."

Askari alimtia pingu. Fundi mitambo aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Mama mkwe wako yuko getini," Inspekta alisema taratibu. "Alimzika mwanawe mmoja, sasa anamzika wa pili. Anataka kusikia neno lako. Mwombe radhi, walau yeye."

Shemeji aliupa kisogo mlango wa chuma.

"Nitalia naye akitaka. Radhi siombi."