Kiraka cha Rangi ya Ufizi

Alikuwa ametumwa balbu tu. Balbu ya sebuleni, kabla giza halijaingia, na mkewe alimwambia mara mbili kwa sababu alimjua. Lakini Meno, kama alivyoitwa mtaani kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, hakuwa na ubavu wa kuipita meza ya vitu vilivyotumika.

Jioni ile, katikati ya pasi mbovu na vikombe visivyo na mikono, aliliona gari dogo jekundu la plastiki, la yale yanayouzwa vipande vipande ukaunganishe mwenyewe. Aliyeliunganisha alikuwa fundi kwelikweli. Magurudumu yamekaa sawa, vioo havina hata alama ya kidole. Milango tu ndiyo ilimkera Meno. Yote minne ilitengenezwa ifunguke, lakini mtu alikuwa ameipaka gundi kwa nje, tabaka juu ya tabaka, mpaka isipite hata pumzi.

"Huyu mwishoni alichoka," Meno alisema akicheka.

Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakucheka. "Gundi hiyo aliipaka kwa makusudi, baba. Aliipaka baada ya mkewe kuondoka. Liweke kabatini hivyo hivyo lilivyo."

Meno aliyachukulia kuwa maneno ya biashara. Akarudi nyumbani na gari, bila balbu.

"Mungu wangu," mkewe aliguna, "kumbe nimeolewa na mtoto mdogo." Kisha akacheka, maana walikuwa bado wanachekeana.

Kazi ilimchukua jioni kadhaa pale mezani, kwa mwanga wa kukopa kutoka jikoni. Aliikwangua gundi kwa vifaa vyake vya meno, polepole, ulimi nje. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa mkaidi. Kisu kikateleza, kikang'oa kipande. Hakuwa na plastiki nyekundu, akaziba kwa ile anayotengenezea fizi. Kikabaki kiraka cha rangi ya ufizi, akasema atakipaka rangi siku nyingine. Akafungua mlango ule, akafungua na mingine. Wa dereva aliufungua mwisho.

Tk.

Ikatoka harufu. Haikuwa ya gundi. Ilikuwa ya tumbaku iliyolala, na petroli, na nguo zilizokaa sana bila kuanikwa...

Kesho yake aliporudi kutoka kazini, harufu ile ilikuwa imejaa sebuleni. Nyumba ile haikuwa na mvuta sigara. Mto wa kiti cha pembeni ulikuwa umebonyea. Akauwekea kiganja.

Ulikuwa na joto.

"Nani alikuja?" aliuliza.

"Hakuna. Kwanza na mimi nilitaka kukuuliza, siku hizi unavuta?"

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Meno kuutazama uso wa mkewe akitafuta uongo, na mtu akitafuta uongo haukosi. Tangu siku hiyo akawa anarudi mapema bila kusema. Ananusa mapazia. Anachungulia vikombe. Siku moja akasikia nje mlango wa gari ukifungwa kwa adabu, pap, akatoka mbio. Barabara ilikuwa tupu.

Jioni moja ugomvi ulipozuka, mkewe alimshika mkono, akasema kwa sauti ya chini kana kwamba kuna anayesikiliza.

"Nilikuwa naogopa kukwambia. Mchana nikiwa jikoni namsikia mtu anakohoa huku sebuleni. Nikija, simuoni."

Meno alikuwa na nafasi ya kumwamini. Aliiacha.

"Huyo mkohozi ulimpa ufunguo, au unamfungulia mwenyewe?"

Mkewe aliuachia mkono wake. Akavaa gauni lake la bluu, akapakia begi bila kulia.

"Nakwenda kwa dada. Akili ikikurudia, unajua kwake."

Akamwacha aende. Hata mlangoni hakumfikisha. Alikaa palepale, roho imejaa hasira, akijiona mwanaume. Jua likazama. Simu ikaita mlio wa ujumbe.

"Asante kwa kuniitia teksi, hata baada ya maneno yale. Dereva amenikuta hapo kona. Anasema anakufahamu, wewe ndiye uliyemfungulia mlango."

Meno hakuwa ameita teksi.

Alitoka miguu mitupu. Mwisho wa mtaa gari jekundu lilikuwa linakata kona, taratibu, halina haraka na mtu. Na pale kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, chini ya kitasa...

Kiraka. Rangi ya ufizi.

Alikimbia mpaka kifua kikamwaka. Kona ile ilikuwa tupu, harufu ya tumbaku tu. Akarudi nyumbani akijigonga kwenye kuta, akapiga simu ya mkewe.

Ikaita.

Akasikia mlio wa simu ya mkewe. Wimbo wake uleule, mwembamba kama mbu... unatoka mezani.

Sebule ilikuwa giza, ile balbu ilikuwa bado haijanunuliwa. Akamulika kwa simu. Milango ya gari dogo, aliyoiacha wazi yote, ilikuwa imefungwa. Akauvuta wenye kiraka. Haukutikisika. Gundi mbichi ilikuwa inang'aa kwenye ufa, na safari hii ilikuwa imepakwa kwa ndani.

Akainama. Kioo cha nyuma kilikuwa na ukungu wa pumzi. Unatanda, unapungua, unatanda. Nyuma yake kitu cha bluu kikasogea.

"Mke wangu," alinong'ona. "Nisamehe. Nakutoa. Nakutoa sasa hivi."

Akachukua kisu. Alijua kisu kikiteleza mara hii hakitang'oa plastiki. Akasogeza mwanga mbele, auone vizuri ufa wa mlango.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Nyuma ya mgongo wake, kwenye kiti cha pembeni, mto ukabonyea taratibu. Mtu akakohoa.