Chakula Kilichowekwa Nje

Chai ilikuwa imetoka tu jikoni. Kwamboka aliimimina mwenyewe, mvuke ukamchoma kidole, akasonya, kisha akamsogezea mumewe kikombe. Owen akanywa funda moja, akakirudisha mezani.

"Imepoa," akasema.

"Imepoa saa ngapi? Sufuria hata sijaitua!"

Akakigusa kikombe. Kilikuwa baridi, baridi ya kitu kilicholala kwenye friji. Chake mwenyewe, kilichotoka sufuria ileile, kilikuwa bado kinafuka. Kwamboka akacheka kidogo, akajiambia ni uchovu wa ndege. Uchovu wa ndege upoze chai, jamani! Lakini mtu akianza kuogopa hujiambia lolote.

Owen alikuwa ametua Doha jana yake tu. Ilikuwa Agosti 2011, Ramadhani imefika kati. Alikuwa mpishi katika mkahawa mmoja kule The Pearl, na kwa kuwa mchana mikahawa ilifungwa, nusu ya wapishi walipewa likizo. Wenzake walikwenda Kenya kuona watoto na kumalizia nyumba. Yeye, kichwa ngumu, akasema atakwenda kuiona Hong Kong aliyokuwa akiitamani tangu akiwa mtoto. Alizunguka kwa bei ya chini kabisa: hosteli za vitanda vya kupandana, treni ya viti vigumu hadi Guangzhou, Makau yote kwa miguu mpaka soli ikaachia. Hata mkoba wa mgongoni haukuwa wake. Aliuazima kwa Njenga.

Huyu Njenga alikuwa jirani yao, mlinzi wa ghala, mtu wa utani mwingi. Waliishi katika nyumba moja kuukuu ya Al Mansoura iliyokatwakatwa kwa mbao nyembamba ikawa vyumba tisa. Ukuta baina yao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Njenga akipiga chafya, Kwamboka alimjibu "pole" akiwa kitandani. Alikula kwao mara nyingi kuliko kwake. Akichelewa kazini, Kwamboka alimwekea sahani kwenye kiti mlangoni, naye akipita huichukua bila kuuliza.

Basi baada ya chai ikafuata mboga. Halafu ugali. Chochote kilichowekwa mbele ya Owen kilipoa kabla hajakigusa, na chumvi ikakitoka. Alikula sahani tatu, nne, akaamka na njaa. Suruali ikaanza kumvuka. Kufikia siku ya saba mbavu zake zilihesabika, na Kwamboka, aliyefanya kazi ya mapokezi katika kliniki na kuona wagonjwa kila siku, alijua kwamba mtu hapungui hivyo kwa wiki moja. Daktari alimpima damu, akampima mkojo, akasema haoni kitu. Mchungaji wao alikuja akaomba mpaka shati likalowa. Alipomaliza, Owen aliomba mkate.

Halafu zikaja zile sauti. Tak. Tak-tak. Vijiti vyembamba vikigonga ukingo wa bakuli, polepole, na chumbani hamkuwa na bakuli wala vijiti. Harufu ya ubani mgeni, mtamu na wa kuziba pua, ikawa inaingia jioni bila mlango kufunguliwa. Na siku moja, jua likiwa linatua, wakiwa wamekaa kula, kiti cha tatu, kile cha plastiki walichokitumia kuwekea nguo za kupiga pasi, kilijisogeza chenyewe kutoka ukutani, kikakwaruza sakafu taratibu, kikaja mpaka mezani, kikasimama ubavuni mwa Owen, na zile nguo zilizokuwa juu yake zikabonyea katikati, hivi, kana kwamba kuna mtu amezikalia, na mvuke wa ugali uliokuwa unapanda ukapinda ukaelekea huko, wote, mpaka ukaisha.

Kwamboka akamvuta mumewe kutoka mezani.

"Owen," akanong'ona baadaye, amemshika mkono ambao sasa ulikuwa mifupa mitupu. "Ulikula nini huko?"

Owen akaisukuma sahani pembeni.

"Niambie, baba. Sitakasirika."

"Jioni ya mwisho," akasema. "Hong Kong. Nilikuwa na njaa, hela imebaki ya basi la uwanja wa ndege tu. Nyuma ya hosteli kulikuwa na uchochoro. Nikakuta meza imeandaliwa. Wali, kuku mzima, machungwa, chai inafuka, na viti vitupu. Nikajua ni iftari."

"Iftari? Hong Kong?"

"Ai, Kwambo, Waislamu wapo! Msikiti mkubwa niliuona kwa macho yangu. Na ilikuwa magharibi. Si hapa kila Ramadhani mimi na Njenga tunaingia mahema ya watu hatuwajui, tunakaa, tunakula, hakuna anayeuliza dini wala jina? Si hata hiki kitanda tulikitoa nje ya geti la mtu? Kikiwekwa nje, ni cha mwenye shida. Ningejuaje?"

"Mwenye meza hakukufukuza?"

"Mama mmoja mzee alitoka na ubani mkononi. Akaniona. Ukamdondoka. Akainamisha kichwa, akarudi ndani, akafunga mlango." Owen akakitazama kile kiti cha plastiki. "Ndipo kiti cha pembeni yangu kikasogea."

Kesho yake Kwamboka alichukua teksi hadi Abu Hamour. Huko kulikuwa na Hajati Sauda, Mganda, mpishi wa nyumba ya watu, aliyesifika kwa kusomea wagonjwa. Hakuwa mtu wa mapambo. Aliposimuliwa yote, akaacha kuchambua mchele.

"Mwanangu, nikimsomea huyu nitapoteza pumzi. Kampala nilipikia Wachina miaka sita. Mwezi wao wa saba, ambao mwaka huu umekwenda sambamba na Ramadhani yetu, huwaandalia chakula wafu wasio na mtu wa kuwakumbuka. Mumeo amekalia kiti cha mmoja wao, akala sahani yake. Sasa na yeye anakula ya mumeo."

"Atamwua, Hajati?"

"Atakula mpaka kiishe. Na mumeo amebakiwa na nini?"

Kwamboka akalia hapohapo jikoni kwa watu. Hajati akamwacha alie, kisha akampa maelekezo. Siku ya mwisho ya mwezi huo wa Wachina, jua likitua, waandae meza nje ya geti: wali, kuku, machungwa, chai. Kiti kimoja. Vijiti vitatu vya ubani kutoka duka la Wachina. Owen abaki ndani, Kwamboka ailinde meza.

"Vikishawashwa, mtu wa chumba chako asitoe sauti mpaka vizime. Hata jina la Mungu liseme moyoni. Akisikia sauti ya chumba alichotoka, ataifuata arudi, na akirudi safari hiyo hatoki. Na mtu asikikalie kile kiti. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Njenga hawakumwambia. Owen aliona aibu. Angefanywa hadithi ya Al Mansoura nzima, mpishi aliyekula chakula cha wafu! Isitoshe, siku hiyo Njenga alikuwa na zamu mpaka usiku.

Siku ikafika. Adhana ya magharibi ilipoanza, uchochoro ulikuwa mtupu, kila mtu yuko kwenye mahema. Kwamboka aliwasha ubani, akajibanza nyuma ya geti, uso kwenye upenyo wa mabati. Joto la Agosti lilikuwa bado linatoka kwenye lami. Akasikia nyuma yake, ndani ya nyumba, kiti cha plastiki kikikwaruza sakafu. Akasikia hatua za mtu asiye na viatu zikishuka kibarazani, zikimpita, na ubaridi ukamgusa bega la kushoto. Tak, ikasema nje. Tak-tak. Mvuke wa wali ukaanza kupinda. Machozi yakamtoka kwa furaha. Anaondoka! Mungu wangu, anaondoka!

Ndipo akasikia mtu anapiga mluzi.

Alikuwa Njenga, kofia ya ulinzi kwapani, anatokea kona ya juu. Bosi aliwaachia mapema kwa ajili ya Idi. Akaiona meza. Akaliona geti, na macho ya Kwamboka kwenye upenyo.

"Shemeji! Leo umeniwekea mpaka kuku?" Akacheka. "Hema wamemaliza kila kitu, aki nilikuwa nimekata tamaa."

Kwamboka akafungua mdomo. Vijiti vya ubani vilikuwa vimebaki urefu wa kidole. Geti lile lilikuwa halifunguki bila kupiga kelele. Neno moja tu lilitosha. *Usikae.* Alilihisi ulimini, akaona mbavu za Owen, akaona mkono ule wa mifupa unaomba mkate, na akajizuia kwa viganja viwili, akajiziba mdomo mpaka meno yakakata mdomo kwa ndani, huku akitikisa kichwa, akitikisa sana, lakini nani angeona kichwa kikitikisika nyuma ya mabati, magharibi, kupitia upenyo wa upana wa vidole viwili?

"Hunijibu? Umeninunia? Basi nikishiba utanichekea."

Akakikalia kiti.

Alikula kwa raha, akilamba vidole. Kisha akanyanyua kikombe, akanywa funda, akakunja uso.

"Shem," akasema, "chai yako imepoa."

Vijiti vikazima.

Owen alilala usingizi wa mtoto. Asubuhi ya Idi alikunywa uji, akasema, "Wee, ni moto! Na sukari umezidisha!" Akacheka, akalia, akamkumbatia mkewe. Baada ya wiki mbili alirudi jikoni The Pearl.

"Hakuna mtu aliyekikalia?" alimwuliza mara moja tu.

"Hakuna," Kwamboka akajibu.

Alikwenda tena Abu Hamour, peke yake. Hajati alimsikiliza, akaweka chini sinia la mchele. "Mwezi wao umekwisha," akasema. "Mpaka mwaka ujao. Huyo rafiki yenu ni mnene?"

Njenga hakuwa mnene. Sasa utani umemwisha, na sare ya kazi inamning'inia. Anasema ni minyoo. Usiku ukuta wa mbao unapitisha kila kitu, na Owen, mwenye kushiba, hasikii, lakini Kwamboka hulala macho wazi akisikiliza. Tak. Tak-tak.

Kila jioni anampikia. Anapakua kikiwa kinachemka, anafunika kwa sahani nyingine na kitambaa juu, anatoka mbio. Kati ya mlango na mlango ni hatua tatu, na hajawahi kukifikisha kikiwa na moto.

"Asante, shem," humwambia Njenga akipokea kwa mikono miwili. "Ni wewe peke yako unayenikumbuka."