Miduara Miwili ya Chaki

Kila kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wanne wa darasa la sita walirudi nyumbani kwa njia moja, barabara pana ambayo magari huegeshwa pande zote mbili tangu asubuhi hadi jioni. Mbele alitangulia Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mfukoni mwa sketi yake hakikukosekana kipande cha chaki alichookota chini ya ubao.

Chaki hiyo ilikuwa ya mchezo wao wenyewe, walioupa jina la Mlinzi Kalala. Unapita kando ya magari bila kusimama, mikono nyuma, ukitazama kwa macho tu. Ukiona dirisha limeachwa wazi au mlango haukufungwa kwa ufunguo, unainama kama afungaye kamba za viatu, unachora mduara mmoja kwenye gurudumu. Kama juu ya kiti pana mkoba au kitu cha thamani, unachora miduara miwili. Mwenye miduara michache zaidi ndiye ameshindwa, naye huwabebea wenzake mabegi hadi kwenye duka la dawa. Chiriku hakuwa amebeba begi la mtu tangu muhula uanze.

Jumatano moja aliliona gari la mkunga wa mtaa, dogo la kijivu lenye mlango mmoja wa rangi tofauti, limeegeshwa mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Mkunga alikuwa ameingia nyumba ya pili kumtazama mama mjamzito. Dirisha lilikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono, na juu ya kiti ulikaa mkoba wake mweusi. Chiriku akainama, akachora miduara miwili minono, akainuka akicheka.

"Leo mtanibebea hadi mlangoni kwetu," aliwaambia wenzake.

Haikupita nusu saa mtaa ukawaka moto. Mkoba ulikuwa umeibwa, na ndani yake mlikuwamo mizani ya kupimia watoto wachanga, mikasi, chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na daftari lenye habari za wajawazito kumi na mmoja. Mkunga alisimama katikati ya barabara, uso umemkauka. Watu walipokusanyika, mwenye duka la dawa alisema kwamba muda mfupi uliopita alimwona mtu ameinama kando ya gurudumu la gari lile. Mtu huyo alikuwa kaka yake Chiriku, kijana aliyeosha magari katika barabara hiyohiyo.

Fundi wa kuchomelea aliipiga teke ndoo ya kijana huyo, maji ya sabuni yakatapakaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Tunampa magari ayaoshe, kumbe anayapima."

Mchuuzi wa vifuniko vya usukani, mtu mcheshi aliyemwita kila mpita njia shemeji, alitikisa kichwa kwa huzuni, akampa mkunga pole, kisha akashauri kwamba mtu wa namna hiyo afukuzwe mapema. Wengi waliitikia. Kaka alipoulizwa alikuwa akifanya nini kwenye gurudumu, alisema tu kwamba hakuchukua mkoba. Zaidi ya hapo alinyamaza, na kimya chake kikamhukumu. Mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mfupi asiyependa kurudia neno, aliamuru shauri lisikilizwe Jumamosi. Kijana asipoeleza aliinama kwa nini, asionekane tena na ndoo yake katika barabara hiyo.

Ndoo hiyo, pamoja na cherehani ya mama, ndiyo iliyoilisha nyumba yao.

Alhamisi hakuna aliyempa kaka gari la kuosha. Ijumaa mtu aliandika MWIZI kwa mkaa juu ya ukuta aliozoea kuanika matambara. Shuleni, wenzake Chiriku walimwomba amsalimie kaka yake mwenye mikono mirefu, na mmoja wao akamwonya faraghani kwamba akiutaja mchezo, wao watamkana.

Jioni hiyo mama alimtuma afue matambara ya kaka. Tambara la chini kabisa lilikuwa na unga mweupe ulioganda. Chiriku aliupangusa kwa kidole, akaunusa: chaki. Alimfuata kaka uani.

"Kaka, uliinama kufuta chaki yangu?"

"Nimekuwa nikiifuta tangu muhula uanze," alijibu bila kumtazama. "Nani mwingine humu huchora mduara wenye mkia kama kiluwiluwi? Siku hiyo nilichelewa bombani."

"Basi waambie."

"Niwaambie mwizi ameelekezwa na dada yangu? Mimi nikifukuzwa, nitapata barabara nyingine. Wewe ukiitwa mwizi katika umri huo, jina litakua pamoja nawe. Kalale."

Chiriku alikwenda kitandani, lakini usingizi ulimsusa.

Jumamosi ua wa mwenyekiti ulijaa watu waliokuja na hukumu tayari mifukoni. Kabla kaka hajafungua kinywa, Chiriku alipita mbele, akaweka kipande cha chaki juu ya meza, akasimulia mchezo wote tangu mwanzo. Hakuwataja wenzake. Minong'ono ikageuka makelele. Mwenye duka la dawa alisema ukoo mzima ni mmoja. Fundi akataka mtoto apelekwe polisi pamoja na kaka yake.

Mwenyekiti aligonga meza. "Nani mwingine anajua maana ya miduara hii?"

Chiriku alikumbuka, akajibu huku uso umemwiva kwa aibu. Mchuuzi wa vifuniko alimwuliza wiki mbili zilizopita, akacheka sana, naye kwa kupenda kuchekewa akamweleza kila kitu.

Watu wakainuka kwenda kumtafuta mchuuzi. Mkunga aliwazuia mlangoni.

"Jumatano mlimhukumu mtu kwa kuinama," alisema kwa ukali. "Leo hamtamhukumu mwingine kwa kucheka. Kaeni. Tutazame kwanza, tena midomo ifungwe."

Jumatatu alasiri gari la kijivu liliegeshwa palepale, dirisha likiwa wazi kiasi kilekile. Juu ya kiti uliwekwa mkoba mkuukuu uliojazwa matambara, na kwenye gurudumu ikachorwa miduara miwili. Mwenyekiti na fundi walijibanza nyuma ya mlango wa karakana. Mchuuzi alikuja akiwasalimu mashemeji zake kulia na kushoto, ila macho yake hayakutazama nyuso za watu, yalitazama magurudumu. Alipofika kwenye gari la mkunga alisimama, akapenyeza mkono, akautoa mkoba kama mtu achukuaye chake.

Fundi alimkamata ukosi na kuinua ngumi. Mwenyekiti alimwambia aishushe, na ikashuka. Polisi walipokipekua chumba cha mchuuzi, waliukuta mkoba mweusi chini ya kitanda, daftari likiwa salama.

Kesho yake fundi alileta ndoo mpya, akaiweka mbele ya kaka, akanong'ona kwamba amekosa.

"Ndoo nimeipokea," kaka alisema. "Lakini mwizi uliniita kwa sauti, mbele za watu. Neno hilo lirudishe kwa sauti ileile."

Fundi alitazama huku na huku. Kisha akasimama katikati ya barabara na kutamka, mpaka mwenye duka la dawa akachungulia, kwamba kijana huyu si mwizi na kwamba yeye fundi alimsingizia. Mwenye duka la dawa alirudi ndani taratibu, akatoka na ndoo ya maji na brashi, akaanza kuusugua ukuta.

Mkunga aliwaita Chiriku na wenzake watatu, ambao walisogea kama kondoo walionyeshewa mvua.

"Mimi nina kosa," aliwaambia. "Niliacha dirisha wazi na mkoba juu ya kiti, kwa kudhani mtaa wa watu wema haufungwi. Lakini ninyi mliuona mlango wazi mkafanya nini? Anayeuona akamwambia mwenyewe, huyo ni jirani. Anayeuona akautangaza barabarani amemfanyia mwizi nusu ya kazi, hata kama hakugusa kitu. Macho yenu ni mazuri. Kuanzia leo, mkiona pengo, gongeni mlango wa mwenye gari, msiandike popote. Nanyi watu wazima mlioko hapa, ulinzi si kumtafuta wa kumlaumu baada ya kuibiwa."

Akageuka kuondoka. Chiriku alilizunguka gari la kijivu, mikono nyuma, akatazama kila dirisha, kisha akamkimbilia.

"Mama mkunga, dirisha la nyuma limebaki wazi kidole kimoja."

Mkunga alirudi, akalipandisha mpaka juu.