Asubuhi Kwa Seremala

"Fungua huo mfuko nione."

"Siwezi."

"Basi vua pete."

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa seremala, mikono imejaa grisi, spana bado ameishika. Alikuwa fundi baiskeli, mpole wa kumwomba radhi kuku aliyemkanyaga. Asubuhi hiyo upole aliuacha nyumbani.

"Mtaa mzima unaongea," alisema. "Kila asubuhi mhudumu wa afya anaingia kwa seremala. Seremala hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Nani anaumwa humu?"

"Habari za mgonjwa hazitoki mdomoni mwangu. Ulilijua hilo kabla hujanichumbia."

"Kwa hiyo ni seremala?"

"Sijasema hivyo."

Seremala aliinua kichwa kutoka kwenye ubao wake. "Na mimi nitaulizwa, au nimeshahukumiwa?"

"Nyamaza, nakuja kwako!"

"Njoo, kaka. Ila angalia misumari."

Jana yake mchumba wangu alikuwa amenitumia ujumbe: "Nimeambiwa umeingia tena. Niambie ukweli nilale."

Nilimjibu: "Nakupenda. Hayo mengine ni ya kazi."

Asubuhi akanifuata kwa seremala.

Nisingeweza kumwambia kwamba hatua chache nyuma yangu, ndani ya stoo ya mbao, mama yake mzazi alikuwa ameketi na kikombe cha maji. Mama alikuwa na kifua kikuu. Dawa zake alitakiwa kuzimeza kila siku nikimwona, na kwake hakutaka nikanyage, mwanawe asijue. Seremala aliwahi kuugua ugonjwa huohuo akapona, na hakuona aibu kuusema. Ndiye aliyempa Mama ile stoo, na Mama akawa anaingilia mlango wa uani, asionekane.

Nilimsihi Mama amwambie mwanawe. Alikataa katakata. Ili kijana apimwe bila kushtuka, nilipita nyumba zote za mtaa nikigawa vikopo vya kupimia makohozi, nyumba yenye mgonjwa isijulikane. Mchumba wangu alinirudishia chake huku anacheka: "Wenzangu wanapelekea wachumba manukato, mimi napeleka makohozi!" Majibu yalitoka safi. Nilifurahi peke yangu.

Sasa nilivuta pete. Iligoma kwenye kifundo, kisha ikatoka.

"Shika."

Hakunyoosha mkono. "Yaani uko tayari tuachane, kuliko kusema?"

"Siko tayari. Lakini sisemi."

Mlango wa stoo uligonga ukuta.

"Mvishe huyo mtoto pete yake!"

Mama alitoka na vumbi la mbao kichwani, vidonge kiganjani.

"Mama? Unafanya nini kwa seremala?"

"Si ulitaka kumjua mgonjwa? Ndiye huyu. Kifua kikuu. Haya, tangaza sasa, spana unayo, gonga na bati watu waje."

Fundi alimsogelea mama yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako aliondoka anakohoa. Ulilala chini ya kitanda chake mpaka mwisho. Nilikuona, mwanangu. Sikutaka kukuona hivyo tena."

Spana ilianguka. Alianza kulia wazi, bila kujificha.

"Na wewe," aliniambia, "ungeondoka kweli na hili moyoni?"

"Ningeondoka nalo."

"Umesikia?" Mama alisema. "Siri yangu ameitunza hivyo. Ya kwako ataifanyaje?"

"Mama, meza kwanza," nilisema. "Vidonge vinaloa mkononi."

Mama alimeza. Fundi akaniomba msamaha, akaishika pete, ikamteleza ikaangukia kwenye maranda. Tuliitafuta wote wanne, tumepiga magoti. Mama ndiye aliyeiona.

"Kwa grisi hiyo? Hebu lete kidole, mwanangu."

Akanivisha yeye.

Tangu siku hiyo Mama alimezea dawa nyumbani, mwanawe akimsimamia. Kila asubuhi simu yangu ililia: "Mgonjwa kameza. Kanitukana kwanza, lakini kameza." Baiskeli yangu fundi aliifungia kikapu cha dawa kisichoingiza mvua. Wahudumu wenzangu wa vijiji vya mbali walipokiona, kila mmoja alitaka chake, naye aliwafungia wote. Alisema watu wanaobeba siri za watu wasibebe na mizigo kichwani.

Mama alipomaliza dozi, tulioana. Mama alicheza mpaka akawachosha wasichana. Seremala alitutengenezea kitanda. "Sasa waongee vizuri," alisema.

Mama ametutoka juzi, kwa uzee, usingizini, kifua chake kikiwa kimya. Baada ya mazishi nilimkuta mume wangu jikoni ameshika kikombe cha maji alichozoea kumpelekea Mama kila asubuhi, hajui sasa ampelekee nani. Nilikipokea, tukanywa wote wawili.

Pete hii nimevishwa mara mbili. Ya kwanza alinivisha mume wangu. Ya pili alinivisha Mama, na haijatoka tena kidoleni. Asante, Mama.