Atoke, Aingie Nani?

Kila Ijumaa Thani hula wali wa samaki nyumbani kwake Ghubra, Oman, hulala kidogo, halafu huamka na kutafuta mtu wa kumpindua.

Usiogope. Si mambo ya serikali. Ni mambo ya sabla, ukumbi wa ukoo wao kule Sib. Ukoo ukifiwa, wanaume hukaa humo kupokea watu wanaokuja kuhani. Ni ukumbi mzuri. Una mazulia, viyoyozi na mabirika ya kahawa. Una kasoro moja tu: una mwenyekiti.

Ukoo wenyewe una makundi matatu. Wapo waliorudi kutoka Unguja, kama Thani. Wapo waliorudi kutoka Bara, Kigoma na Bujumbura. Na wapo ambao hawakwenda popote, walibaki Oman, na hawachoki kukukumbusha. Kundi la nne ni la Loay. Ndani yake yumo Loay na kaka yake, na huyo kaka bado anafikiri.

Makundi haya yaligombana juu ya kila kitu ila kimoja: mwenyekiti atoke. Hapo walipatana kama watoto wa tumbo moja. Mikono juu, mwenyekiti chini. Kisha wakiulizana aingie nani, waligombana mpaka adhana, kila mtu akaenda zake.

Mwezi wa sita walimtoa Sami, wa kundi la waliobaki Oman. Thani alinyosha mikono yote miwili. Kiti kikawa kitupu. Wiki hiyo hiyo mama yake Thani, Bi Sayyida, akafariki.

Thani akampigia Sami simu.

"Sami, tufungulie sabla. Mama hatunaye tena."

"Mungu amrehemu. Lakini mimi si mwenyekiti. Mmenitoa."

"Ufunguo si unao?"

"Ufunguo nnao. Ruhusa sina."

Basi watu wakaja kuhani chini ya turubai, barabarani nje ya sabla, katika jua la mwezi wa sita. Walitoa mkono wa pole huku macho yao yapo kwenye magari yao yenye baridi. Mzee mmoja akaanguka kwa joto. Ilipofika adhuhuri, Thani alikuwa peke yake na birika la kahawa. Mama yake alikuwa akikaa kwenye matanga ya kila mtu mpaka mwisho. Yake hayakukaliwa hata mchana mmoja.

Kwa aibu ukoo ukamweka Wael, wa Bara. Wael naye akawafungulia sabla jamaa zake. Wengine akawaambia, "Tutaona." Sasa Thani anataka kumpindua Wael.

"Safari hii nnao watu wote!" alimwambia mkewe, Mazoon. "Wa Unguja, waliobaki, hata Loay."

"Na kaka yake?" Mazoon aliuliza.

"Anafikiri."

Jirani yao, Bi Rahila, alikuwa amekaa pale. Alikuwa amewaletea mkate wa kumimina. Ni muuguzi mstaafu, na ulimi wake haujastaafu.

"Akitoka Wael, anaingia nani?" aliuliza.

"Hilo baadaye, Bi Rahila."

"Baadaye ndiyo iliyoyaanika matanga ya mama yako juani."

Thani akaweka kikombe chini. Mazoon akatazama pembeni.

"Wajerumani nao walikuwa kama nyinyi," Bi Rahila akaendelea. "Baada ya vita vya kwanza vya dunia, bunge lao lilijaa vyama. Viwili vikali, vilivyochukiana kufa, viliungana mkono kuangusha serikali. Kuangusha tu. Kujenga pamoja haviwezi. Watu wakachoka na makelele. Mwisho kimoja katika hivyo, cha Hitler, kikashika nchi na kupiga marufuku vyama vingine vyote. Unajua kilichofuata."

"Vita."

"Vita, na mamilioni ya maiti. Walipotoka kwenye kifusi, Wajerumani wa Magharibi waliandika katiba mpya. Mkuu wa serikali yao huitwa kansela. Bunge haliwezi kumtoa mpaka, kwa kura ile ile, wengi wamchague wa kushika pahala pake. Huna jina la kuingiza, huwezi kutoa mtu."

"Na akina Loay?"

"Wapo kule pia. Chama kisichofika kura tano katika mia, kwa kawaida hakipati viti."

"Maskini Loay!" Mazoon akacheka.

Thani hakucheka. "Basi tufute makundi yote. Jina moja, sote tukubali, tupumzike."

"Hilo nimeliona kwa macho yangu," alisema Bi Rahila. "Nilisomea uuguzi Leipzig, Ujerumani ya Mashariki. Vyama vilikuwepo, vina majina na bendera. Lakini siku ya uchaguzi karatasi ni moja, na majina yameshapangwa. Mama mwenye nyumba yangu akiikunja tu na kuitumbukiza. Wenyewe hawakusema wanakwenda kupiga kura. Walisema wanakwenda kukunja. Kimya kizuri, Thani. Na ukuta, ili mtu asikikimbie."

Akameza kahawa.

"Mwaka wa themanini na mbili, mama yule alisikiliza redio ya Magharibi, sauti chini. Chama kidogo kimebadilisha mshirika. Kansela katoka, mwengine kaingia, kwa kura ile ile. Akaniuliza, 'Wamekufa wangapi?' Nikamwambia hakuna. Hakuniamini."

Katika kikao kilichofuata, Thani alileta sharti la kansela: huna jina la kuingiza, hutoi mtu. Likapita. Kisha akatafuta jina. Jina lake mwenyewe lilikataliwa kwa heshima zote, yaani kwa kucheka. Watu wa Unguja peke yao hawakutosha. Waliobaki Oman walikubali kuungana nao kwa jina moja tu.

Sami.

Thani akakaa naye kupatana.

"Akifa mtu, unafungua. Huulizi wa kundi gani."

"Nimekubali."

"Na ufunguo uwe kwa watu watatu, kila kundi mmoja."

"Nimekubali."

Thani akangoja neno jengine. Sami akainuka. Hakuomba radhi.

Siku ya kura Thani alinyosha mkono, safari hii mmoja. Ulikuwa mzito. Wael akatoka, Sami akaingia, kwa kura ile ile. Wael akabaki kikaoni kumkagua Sami, na anaifanya kazi hiyo kwa raha zote.

Mwezi wa nane mama yake Wael akafariki. Sami hakungoja kupigiwa simu. Watu walikuta sabla wazi, baridi tele, kahawa tayari. Walikaa mpaka magharibi. Thani mwenyewe alipitisha tende.

Adhuhuri ya siku ile Mazoon alipiga simu. "Wamefungua?"

"Wamefungua."

"Alhamdulillahi. Wewe uko wapi? Mbona nasikia magari?"

Thani alikuwa ametoka nje. Alisimama barabarani, pale lilipokuwa turubai la matanga ya mama yake, kichwa wazi, juani.